Maji ya Kuosha Nywele

Simu ya tuzo ilinikuta darasa la nne, nasahihisha insha za watoto. Sauti ya mwanamke kutoka Dar es Salaam ikasema, "Hongera sana, mama. Riwaya yako imeshinda." Nikamshukuru, nikamwomba kiranja aangalie wenzake, nikaenda choo cha walimu nikatapika kifungua kinywa chote.

Walimu wenzangu walipopata habari walidhani ni furaha iliyonizidi. Walipiga vigelegele hadi madarasa yakatoka nje. Mwalimu mkuu alileta soda. Jumapili ile mchungaji alinisimamisha mbele ya usharika wote wa Karatu, mwanamke wa kwetu aliyeandika kitabu kikashinda vitabu vya nchi nzima, na watu wakanipigia makofi wakati mimi nikitazama mlango, nikijiuliza nani anayeweza kuingia.

Kabla ya tuzo nilikuwa na amani ya namna fulani. Riwaya za Kiswahili hukaa maboksini. Mchapishaji hutoa nakala chache, maduka mawili matatu huziweka nyuma ya vitabu vya shule, na baada ya mwaka mmoja mwandishi hupewa zilizobaki apeleke nyumbani. Niliandika kile kitabu nikitegemea kwamba hakitasomwa na mtu yeyote kutoka upande wa Kakesio. Sasa kingesomwa, na redioni pia wangekisoma. Kuna sura moja ndani yake ambayo nilijua haikupaswa kumfikia mtu mmoja.

Nianze na mimi ni nani. Nimezaliwa Baray, baba yangu alilima vitunguu. Nyumbani tuliongea Kiiraqw, na Kiswahili nilikikuta shuleni. Nilikipenda kwa sababu ya redio, kwa sababu ya saa ile walipokuwa wakighani mashairi yaliyotumwa na wasikilizaji, na mama yangu, ambaye hakuelewa hata nusu ya maneno, alikuwa anaacha kupepeta mahindi ili asikilize. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na barua yangu ya kazi ilinipeleka shule ndogo ndani ya hifadhi, mbele ya Kakesio, kwa wafugaji. Shule ile leo haipo tena mahali pale.

Tulikuwa walimu wawili, mwalimu mkuu na mimi. Nyumba yangu ilikuwa ya bati juu na bati pembeni, na upepo ukipita ilikuwa inaongea. Maji yalikuwa korongoni, mwendo wa dakika arobaini. Wanafunzi ndio waliotuchotea. Hakuna aliyeona ni vibaya. Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tuliwachotea walimu wetu. Jioni nilikaa mlangoni nikaandika beti zangu za kwanza nyuma ya madaftari ya maandalio ya masomo, nikizitafutia vina huku nikisikiliza kengele za ng'ombe zikirudi bomani.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tano, msichana wa miaka kama kumi na miwili, aliyeandika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mbishi. Ukimwambia jibu ni ishirini na nne atakuuliza kwa nini, na ukimweleza atakuambia umeeleza vibaya. Mama yake aliniletea maziwa kwenye kibuyu kila Jumatatu. Yeye hakujua Kiswahili na mimi nilijua maneno machache ya Kimaasai. "Takwenya," nilimwamkia. "Iko," aliitikia, kisha tukacheka kwa sababu maneno yalikuwa yameisha. Watu waliniambia kwamba baba wa mtoto hakutaka shule. Mama ndiye aliyepigana mpaka huyu wa kwanza akaandikishwa, kisha mdogo wake wa kiume akafuata.

Ilikuwa Ijumaa, kiangazi. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda Endulen kufuata chaki. Kesho yake lori lingepita, nami nilikuwa na harusi ya binamu yangu Karatu. Kichwa changu kilikuwa na vumbi la miezi miwili, na pipa langu la maji lilikuwa tupu. Kabla ya saa sita nikaita wasichana wawili kutoka darasani, huyu mbishi na mwenzake, nikawapa madumu.

Mwenzake alichukua dumu lake kimya. Huyu alibaki amesimama.

"Mwalimu," akasema, "korongoni kuna nyati. Baba leo amepeleka ng'ombe njia nyingine."

Nikamwambia, "Acha uvivu. Nenda."

Akanitazama kwa hasira, akachukua dumu, akaenda.

Baada ya saa moja na nusu mwenzake alirudi peke yake. Alikuwa anakimbia bila viatu, na sauti ilikuwa haitoki mdomoni. Vijana waliokuwa karibu walichukua mikuki wakakimbilia korongoni. Niliwaona wakirudi wamembeba ndani ya shuka, wanne, kila mmoja ameshika ncha yake, na hawakuwa na haraka tena.

Sitasimulia zaidi ya hapo, kwa sababu zaidi ya hapo sikuona. Nitasimulia nilichofanya. Kabla watu wazima hawajafika shuleni nilimshika yule mtoto aliyerudi mkono wa juu, nikauminya, nikamwambia, "Useme mlikwenda wenyewe. Mlitoroka darasani. Unasikia?" Akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu mkuu aliporudi nikamwambia walitoka wenyewe nikiwa naandika ubaoni. Aliandika hivyo kwenye kitabu cha matukio. Msibani nilikwenda, nikasimama nyuma ya watu. Mama wa mtoto alikuwa ameinamisha kichwa, nami nikashukuru kwamba hakukiinua.

Ndani ya mwezi mmoja nikaomba uhamisho kwa ajili ya ugonjwa. Uongo ule haukuhitaji nguvu nyingi, nilikuwa nimekonda kweli. Nikanyoa nywele zangu kabla sijaondoka, na tangu hapo sijaziacha zikue. Wasomaji wangu huniambia kichwa changu kinanipendeza.

Nimeeleza haya ili ieleweke kazi yangu ya uandishi ilitokea wapi. Nikiwa Karatu nilianza kupeleka mashairi gazetini, kisha nikatoa diwani ya kwanza, na diwani ile ikapata tuzo ndogo iliyonipeleka Arusha kuighani mbele ya watu. Nilikuwa nimeolewa na dereva wa watalii, mtu mpole anayejua ndege wote kwa majina ya Kiingereza na kwa majina ya kwao. Alikuwa anajivunia mimi kuliko mimi mwenyewe. Mhariri wangu aliwahi kuniuliza, "Mama, mbona mashairi yako hayana mtu ndani yake? Ni ukungu, mawe, miti. Watu wako wapi?" Nikamjibu kitu cha kisomi kuhusu mandhari. Ukweli ni kwamba kila nilipomweka mtu kwenye ubeti, alikuwa akinyoosha mkono wa kushoto.

Mhariri huyo ndiye aliyenisukuma kwenye riwaya. Iliandikwa kwa miaka minne, asubuhi kabla ya shule na siku za likizo. Nilidhani ninaandika juu ya familia ya wakulima wanaohama. Katikati ya kitabu, bila kukusudia, nikajikuta nina shule ndogo, kiangazi, na korongo. Nikaiandika sura ile kwa siku tatu.

Lakini niliibadilisha. Mwalimu nilimfanya mwanamume. Maji yakawa ya uji wa watoto, siku ambayo wapishi wamekwama. Msichana wa kitabuni anatoka darasani anaimba, anarusha dumu juu na kulidaka, hajui chochote kinachomsubiri. Na mwalimu, baada ya msiba, anakwenda nyumbani kwa wazazi, anapiga magoti, anakiri. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema kuliko mimi, na kila aliyesoma mswada alimlilia.

Siku ya kupokea tuzo, jijini, waliisoma sura hiyohiyo. Mwigizaji mmoja mwenye sauti nzuri alisimama na kitabu changu, ukumbi ukanyamaza, na alipofika pale msichana anapoimba, mwanamke aliyekaa pembeni yangu alinishika goti. Nilitabasamu. Sijawahi kuogopa watu wengi namna ile kwa wakati mmoja, na wote walikuwa wananipenda.

Mwezi uliofuata simu ikaita nikiwa bustanini nang'oa magugu kwenye figiri. Namba sikuijua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akataja jina lake, kisha akataja jina la baba yake. Nikakaa chini kwenye udongo.

"Ulinifundisha darasa la pili," akasema. "Hutanikumbuka. Dada yangu utamkumbuka."

"Namkumbuka."

"Nafanya kazi Wasso siku hizi, mambo ya mifugo. Nilinunua kitabu chako Arusha. Nilipokwenda nyumbani nikamsomea mama, namtafsiria. Sura ya korongo ameniambia nirudie."

"Mama anasemaje?"

"Anasema kuna mahali hapako sawa. Anataka uje."

"Mahali gani?"

"Hakuniambia, Mwalimu. Nilidhani wewe utajua."

Nilimwambia nitakuja. Nilipokata simu nilibaki nimekaa pale mpaka kuku wakaanza kudonoa figiri nilizozing'oa kwa makosa.

Wiki ile nzima nilikuwa kama mtu mwenye homa. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ya lango ilinifanya niache nilichokishika. Nilifikiria ndugu wa yule mtoto, wangapi wamekuwa wanaume sasa. Nilifikiria magazeti yaliyoweka picha yangu, wangeandika nini. Nilifikiria watoto wangu wawili walio chuoni. Na nilipowaza kutokwenda, niliona ni vibaya zaidi, kwa sababu yule mama angeendelea kuwa pale, anajua kitu, na mimi sijui anajua nini. Mume wangu nilimwambia tu kwamba wasomaji wa Kakesio wamenialika. Alifurahi. Akaosha gari.

Tulipita Lodoare, geti la hifadhi, asubuhi. Juu ya ukingo wa kreta ukungu ulikuwa mzito, taa zikiwashwa hazifiki mbali, na kwenye kona moja mume wangu alifunga breki taratibu. Nyati dume alikuwa amesimama barabarani, ameloa, anatutazama. Mume wangu alianza kunieleza habari zake kama anavyowaeleza wageni. Mimi niliteremka kwenye kiti nikajikunja chini ya dashibodi, mwanamke wa miaka karibu hamsini.

"Ameondoka," akasema baada ya muda, akinishangaa. "Amka, mama. Ameondoka."

Kutoka Endulen kwenda mbele barabara ilikuwa vumbi na mawe. Nilitamani gari liharibike.

Boma lilikuwa lilelile, ila nyumba moja imeezekwa bati. Watoto walikuja kuinamisha vichwa niwaguse, nikawagusa mmoja mmoja. Mume wangu alibaki kwenye gari na wazee wawili waliotaka kusikia habari za barabara. Kijana aliyenipigia simu alinipokea kwa heshima yote, mwanamume wa miaka thelathini na mitano sasa, mwenye shati lililopigwa pasi. Akaniongoza nyuma ya nyumba kwenye kivuli, ambapo viliwekwa vigoda vitatu. Baba yake, aliniambia, alifariki miaka mingi iliyopita.

Mama yake alikuwa amekaa tayari. Amezeeka, masikio yamerefuka kwa shanga, lakini macho ni yale ya Jumatatu za kibuyu.

"Takwenya, Yeyo," nikasema, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Iko."

Safari hii hakuna aliyecheka. Tuliletewa chai ya maziwa. Nilipokea kikombe, nikakiweka chini.

Akaanza kuongea Kimaasai, na mwanawe akatafsiri. "Mama anasema, uelezee siku ile ilivyokuwa. Usianzie korongoni. Uanzie asubuhi."

Nikajua kwamba hapa sina pa kupita. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi njiani, ya kuomba radhi, ya kueleza kwamba riwaya ni kitu cha kubuni. Yote yaliondoka. Nikaanza kusema sentensi moja moja, na kila sentensi nilisubiri ivuke kutoka kwangu kwenda kwa yule kijana, na kutoka kwake kwenda kwa mama yake.

"Maji yalikuwa yangu," nikasema. "Siyo ya uji."

Akatafsiri. Mama akauliza kitu.

"Anauliza, ya kupikia?"

"Ya kuosha nywele."

Kijana hakutafsiri. Alinitazama, na nikaona uso wake ukijaribu kubaki kama ulivyokuwa. "Nywele?" akauliza, kwa niaba yake mwenyewe.

"Kesho yake nilikuwa nakwenda harusini."

Mama yake akamgusa goti mara mbili, kumkumbusha kazi yake. Akatafsiri, sauti imeshuka.

Nikaendelea, kwa sababu niliogopa nikisimama sitaanza tena. "Nilimwita pamoja na mwenzake. Mwenzake aliondoka. Yeye alibaki akaniambia korongoni kuna nyati, kwamba baba yenu amepeleka ng'ombe njia nyingine. Nikamwambia acha uvivu, nenda."

Akatafsiri kwa shida, anatafuta maneno. Kisha nikamalizia na yule mtoto aliyerudi, mkono wake niliouminya, na kile nilichomwambia aseme.

Nilikuwa nasikia ng'ombe mbali, na nilikuwa najiambia kwamba wanaume wakiitwa sasa nisikimbie. Halafu mama akaanza kuongea. Aliongea muda mrefu, bila kupandisha sauti, akinitazama mimi. Niliyashika maneno mawili matatu tu: mtoto, shule, maziwa.

Nikamgeukia kijana. Alisimama, akatembea mpaka kwenye uzio wa miiba, akatugeuzia mgongo. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Tukabaki wanawake wawili bila lugha. Yule mama akanyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, akakikaza, vidole vikavu vyenye nguvu kuliko nilivyotegemea. Sikujua kama ananizuia nisikimbie au ananishikilia nisianguke. Sikuthubutu kuvuta.

Baada ya muda mrefu kijana alirudi. Hakukaa.

"Mama anasema alijua," akasema, akitazama juu ya kichwa changu. "Yule msichana aliyerudi alimwambia jioni ileile. Mtoto hakuweza kubeba kitu kama kile. Mama akamwambia anyamaze, na yeye mwenyewe akanyamaza. Anasema baba angejua, angeanza na wewe. Halafu angewatoa watoto wote shuleni. Mimi nilikuwa darasa la pili." Akapangusa uso kwa kiganja. "Anasema kila asubuhi aliponiona nachukua daftari alikuwa anasema moyoni, basi, huyu aende. Hilo hajawahi kuniambia. Nalisikia leo pamoja na wewe."

Mama akaongeza kitu kwa ufupi.

"Anasema siku uliyoondoka na lori alisimama barabarani na maziwa. Ulimwona ukafunika uso na kitenge."

"Nilimwona," nikasema.

"Na anasema hakukuita akusamehe." Sasa alinitazama machoni. "Alikuita kwa sababu ya kitabu. Kwenye kitabu umemfanya mtoto wake mjinga. Anakwenda anaimba, anarusha dumu, hajui kitu. Mtoto wake alijua. Aliona, akasema, na alisema kwa mwalimu. Wewe umelichukua neno lake la mwisho ukalitupa, ukaweka wimbo."

Nimesomewa maoni mengi juu ya kazi zangu, ya wahakiki na ya majaji wa tuzo. Hakuna aliyewahi kuniambia kitu cha kweli kama kile. Nilitaka kupiga magoti, nikakumbuka kwamba mwalimu wa kitabuni alikuwa amepiga magoti, na nikaona aibu. Nilibaki nimekaa. Nikasema nitalirudisha. Mama alisikiliza tafsiri, akaachia mkono wangu, akaniashiria ninywe chai yangu. Ilikuwa imepoa na utando wa maziwa juu. Niliinywa yote.

Kijana hakunisindikiza mpaka kwenye gari.

Tulipofika tena ukingoni ukungu ulikuwa umeondoka. Nikamwomba mume wangu asimame, nikamwambia yote, na kreta iko chini yetu na mawingu yake. Hakunikatiza. Nilipomaliza alishika usukani.

"Ndiyo maana hujawahi kukubali nikupeleke huko chini," akasema. "Nilidhani huipendi kazi yangu." Kisha akawasha gari. Kwa siku kadhaa nilimwona akinitazama ninapopika, kama anayemtafuta mtu aliyemzoea.

Mchapishaji alikuwa anajiandaa kuchapa toleo la pili. Nilimpigia nikamwambia sura moja inabadilika. "Sura ipi?" Nilipomtajia akapiga kelele. "Ile iliyokushindia tuzo? Mama, hii ni riwaya. Hakuna anayeidai ukweli." Nikamwambia yuko mmoja. Tulibishana wiki mbili. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba nieleze mwenyewe mwanzoni mwa kitabu kwa nini imebadilika, na nikakubali, ingawa niliposhika kalamu kuandika maelezo yale nilikaa asubuhi nzima kabla ya sentensi ya kwanza.

Sura mpya nilimtumia kijana wa Wasso kwanza, kwenye simu. Alama mbili za buluu zikaonyesha ameisoma. Hakujibu siku ile, wala wiki ile. Kisha ikaja meseji: "Nimesoma. Mama nitamsomea mwenyewe. Wewe usije kwanza."

Kitabu kikatoka. Niliyoyaogopa kwa miaka yote yalikuja, ingawa yalikuja madogo madogo. Mwalimu mmoja tuliyekuwa tunakula pamoja alihamisha kiti chake. Wazazi watatu walikwenda kwa mwalimu mkuu kuuliza kama mtu kama mimi anafaa kufundisha, na nikatakiwa kuandika maelezo, nikayaandika, na bado nasubiri jibu. Sokoni kuna mama wa nyanya ambaye hunihudumia bila kuniangalia. Wapo pia walionishika mkono wakaniambia nina ujasiri, na hao ndio ninaowakwepa zaidi. Binti yangu alisafiri kutoka chuoni akaniuliza swali moja, "Kama wasingekupigia simu, ungesema?" Nikamwambia sidhani. Alilia, akalala kwetu siku mbili, akarudi chuoni.

Wiki tatu zilizopita, mchana, nikiwa napanga madawati na wanafunzi, simu iliita tena kutoka Wasso. Nilitoka nje. Nikaegemea ukuta wa darasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nilisikia upepo upande wake.

"Nataka kukuuliza kitu. Dada alipoondoka, alikuwa analia?"

"Hapana. Alikuwa amekasirika. Alinitazama kama anataka kunipiga."

Akatoa sauti fupi puani, karibu iwe kicheko. "Hivyo ndivyo mama anavyosema alikuwa." Kisha akasema, "Mimi simkumbuki sauti, Mwalimu. Nilikuwa mdogo. Namkumbuka mgongo tu, alikuwa anatembea mbele yangu kwenda shule. Wewe ulikuwa naye darasani. Alikuwaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia juu ya mkono wa kushoto, na jinsi wino ulivyokuwa unapakaa kiganjani kwa sababu mkono ulipita juu ya maneno kabla hayajakauka. Nilimwambia juu ya ishirini na nne. Nilimwambia kwamba siku moja alimsahihisha mwalimu mkuu mbele ya mkaguzi, na alikuwa sahihi, na mwalimu mkuu akamwadhibu. Nilimwambia alivyokuwa akimsubiri mdogo wake nje ya darasa la pili, amesimama na mkoba wake kichwani, na akichelewa kutoka alikuwa akimwita kwa sauti ambayo shule nzima ilisikia.

"Alikuwa ananiita?"

"Kila siku."

Niliishikilia simu sikioni, sijui kama nimesema vizuri au nimeharibu, huku watoto wakinichungulia dirishani.

"Endelea, Mwalimu," akasema.